Amplifaya Iliyokataa Meza

Usiku wa jana niliota kabla sala yangu haijafika amina. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, kichwa nimekiegemeza kwenye godoro, nikimwomba Mungu anioneshe amplifaya ya kununua. Pale nilipotaka kusema "nioneshe", mlango wa duka ukafunguka.

Afadhali nieleze kwanza kwa nini mtu wa umri wangu anaomba kitu kama hicho.

Mimi ni mpiga gitaa la besi wa kwaya ya usharika wetu hapa Tukuyu. Nilianza kujifunza nikiwa tayari nina wajukuu, kila jioni baada ya kazi za shamba, na aliyenifundisha ni Mwalimu Ambokile, kiongozi wa kwaya. Wenzangu wa sauti ya pili walinicheka, wakasema bibi Tusekile ameacha kusuka mikeka, sasa anasuka nyaya. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza kama najua kukamua ng'ombe. Nikasema najua. Akasema basi kazi imebaki ndogo, maana uzi mnene wa besi unataka vidole vya aina hiyo.

Masikio ya Mwalimu yamekwisha. Hilo si siri, hata yeye hulisema. Sasa anaongoza kwa miguu. Anavua viatu, anasimama pekupeku, na besi inamfikia nyayoni kupitia sakafu. Hapo anajua wimbo uko wapi. Ndani ya kanisa sakafu ya mbao humsaidia. Mwaka jana, kwenye tamasha la kwaya za jimbo, tuliimba uwanjani juu ya majani na nyayo zake hazikupata kitu. Mikono yake ilibaki nyuma, sisi tukatangulia, na watu wakacheka kwa adabu, viganja mdomoni. Wazee wa kanisa wakaamua kwamba ikitokea tena mwaka huu, Mwalimu atapewa kiti mbele, kiti cha heshima, na mtu mwingine atasimama mahali pake.

Tamasha ni Jumapili hii. Kwaya ilinipa mimi kazi ya kuchagua amplifaya mpya. Dukani mjini zimebaki mbili, na siku ya kuchagua ni leo. Ndiyo maana nilikuwa nimepiga magoti.

Mlango ukafunguka, basi, nami nikaingia dukani kwa magoti yaleyale. Hakuna aliyeshangaa. Mwenye duka alikuwa kipaza sauti kilichosimama kwenye mguu wake mmoja.

"Moja, mbili," akasema. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Moja, mbili. Umekuja kuchagua, au umekuja kuchaguliwa?"

Nikamwambia nimekuja kuchagua. Akasema sawa, lakini humo ndani huwa haieleweki mpaka mwisho. Kisha akainama kwa heshima, akanionesha amplifaya mbili zilizokaa kwenye benchi kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, inang'aa, ina taa za buluu usoni. Ilikuwa imeanza kujitambulisha kabla sijafika. Ilisema kwa haraka kwamba ni nyepesi, mama yeyote anaweza kuibeba kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, kwamba ina vitufe vya kuibadili sauti iwe ya pangoni, ya stendi, ya chini ya maji. Nikaiuliza kama ina ya uwanjani. Ikasema hiyo iko njiani inakuja.

Ya pili ilikuwa nyeusi, kubwa kama kabati la vyombo, pembe zake zimechubuka. Haikusema kitu. Nikaisalimia. Ikakaa kimya muda mrefu, ikavuta pumzi, ndipo ikajibu, "Salama," na vioo vya duka vikatetemeka kidogo.

"Mbona huongei?" nikaiuliza.

"Nangoja kuunganishwa."

Nilitaka kuzigonga gonga na kuzisikiliza palepale, kama watu wanavyofanya kwa tikiti maji. Kipaza sauti akanizuia. Alisema hairuhusiwi kuchagua besi ukiwa peke yako dukani, kwa sababu dukani kila besi ni shujaa. Besi inapimwa mbele ya watu. Alipotamka neno watu, kuta za duka zikaondoka moja moja, zikijipitisha mlangoni kwa zamu, na tukawa kwenye chumba cha wazee wa kanisa, kule nyuma ya madhabahu.

Wazee wamekaa nyuma ya meza ndefu. Katikati yao yupo Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa kwaya, ambaye ni mtu mzima mwenye moyo mzuri na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwetu, anayetaka kufunga ndoa au kupokelewa kanisani huhojiwa kwanza na wazee. Wameamua kwamba amplifaya nayo ihojiwe.

Ndogo inaitwa mbele. Inasogea ikiwasha taa zote.

"Jina lako?" anauliza Mzee Anyelwisye.

"Wati Elfu Moja."

"Hilo ni jina au ni sifa?"

"Limeandikwa mgongoni, mzee."

Wazee wanazunguka wote kwenda kuusoma mgongo. Wanarudi. Wanakubali kwamba limeandikwa. Mzee mmoja anauliza kama inawezekana kuwaona hao wati wenyewe, kwa kuwa maandishi hayamshangazi tena mtu wa umri wake. Amplifaya inakohoa, na wati wanaanza kutoka mgongoni mwake, wadogo, wamevaa majoho meupe ya kwaya, wanasukumana. Chumba kinajaa. Wengine wanapanda dirishani.

"Shikeni noti moja," anasema Mzee Anyelwisye. "Ya chini. Msiiachie mpaka nirudi."

Wanaishika. Mzee hajafika mlangoni, wengi wao wameshalala chini. Mmoja anaomba maji. Mwingine anaeleza kwamba yeye ameajiriwa kwa ajili ya mshtuko wa kwanza tu, kile kishindo cha kuanzia, na baada ya hapo mkataba wake hausemi kitu. Waliobaki wamesimama ni wachache, nao wanatetemeka magoti.

Mzee Anyelwisye anawapa pole. Hana ukali hata kidogo. Anawaambia kishindo nacho ni kipaji.

Nyeusi inaitwa. Inasogea taratibu, na sakafu inalia chini yake.

"Jina?"

"Mia Tatu."

"Tu?"

"Tu."

Wati wake wanatoka wakiwa wamevaa mabuti ya shambani, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko, kama watu wanaotoka kuchuma chai. Wanajipanga bila kuambiwa. Wanaishika noti ya chini. Wazee wanatoka, wanakwenda kula ndizi za kuchemsha na maharage, wanaongea habari za mvua, wanaomba kuongezewa maharage, wanarudi. Wati wako vilevile, na noti iko vilevile. Mmoja tu amebadilisha mguu.

Nikajua sasa nakaribia kupata jibu. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikanyoosha mkono niseme nimechagua, lakini Mzee Anyelwisye akasema bado kuna jambo la mlango.

Akaniomba nipige uzi mnene. Sikuwa nimeona kwamba gitaa liko begani kwangu tangu mwanzo. Nikaupiga ndani ya ile ndogo, na humo ndani kukasikika kwato. Noti ya chini kabisa ilikuwa fahali. Ilifika kwenye mlango wa spika, ikaingiza pembe, zikakwama. Ikasukuma. Ikarudi nyuma, ikafikiri, kisha ikatoka ikiwa mbuzi.

"Samahanini," akasema yule mbuzi. "Mlango ni wa inchi kumi."

Nikaupiga uzi ndani ya nyeusi. Fahali akaja kwa mwendo wake wa kawaida, akapita kwenye mlango wa inchi kumi na tano bila kuinamisha kichwa, akajikung'uta.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba," wazee wote wakaitikia.

Basi ilikuwa imeshaamuliwa. Nilitaka kulia kwa furaha. Mzee Anyelwisye akaiwekea mikono amplifaya nyeusi, akaiombea, akaiweka wakfu mbele ya wote. Naye fahali akaitikia amina.

Tulipofumbua macho baada ya sala tulikuwa uwanjani.

Ni mchana mweupe, kwaya zote za jimbo zimekaa, vitambaa vya sare vinawaka jua. Mwalimu Ambokile amesimama katikati ya uwanja, pekupeku, mikono ameiinua juu tayari. Kwaya yetu iko mbele yake na midomo wazi. Anasubiri besi. Asipoipata nyayoni hawezi kushusha mikono, na asiposhusha mikono hakuna wimbo.

Kutoka upande wa wazee, kiti kinakuja chenyewe. Ni kile cha heshima, chenye mto mwekundu. Kinatembea kwa miguu yake minne juu ya majani, hakina haraka.

"Mwalimu," kinaita kwa sauti laini, "njoo upumzike, baba. Umefanya kazi nyingi."

Mwalimu hasikii. Hiyo ilikuwa neema.

Nakimbilia gitaa. Naupiga uzi mnene kwa nguvu zangu zote za kukamua. Fahali anatoka mlangoni vizuri kabisa, anapiga hatua moja, na anasimama. Natazama kinachomzuia. Amplifaya iko mezani.

Lazima niseme kwamba hapo hakuna aliyekosea kwa mujibu wa desturi yetu. Kwetu chombo kikishawekwa wakfu hakikai chini kama sufuria. Huwekwa juu ya meza, na kinamama hukidarizia kitambaa. Hata ile amplifaya yetu ya zamani imekaa mezani miaka yote na kitambaa kilichodariziwa njiwa usoni. Ni heshima. Na wenzangu, wakati mimi nimefumba macho kwa sala, walikuwa wameshafanya heshima ileile.

"Ruka," nikamwambia fahali.

"Bibi, umeona wapi fahali akiruka kutoka mezani?"

Alisema kweli. Na aliposimama pale, nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Meza ilikuwa inamla. Ilianza kwa kwato, ikatafuna polepole, macho imefumba. Miguu yake ilikuwa minene kupita kiasi, meza iliyonona.

"Wewe meza," nikasema, "unafanya nini?"

"Nakula, mama. Kila Jumapili mnaniwekea. Siwezi kusema uongo, mnanilisha vizuri." Ikajipangusa. "Nilidhani ndiyo sadaka yangu."

Kitambaa nacho kikaongea, kikiwa kimeufunika mlango wa spika. Kilisema chenyewe hakina ubaya, kilifundishwa kwamba mbele ya wageni mdomo hufunikwa.

Kiti kiko karibu sasa. Mwalimu bado ameinua mikono. Namwona anakanyaga kanyaga majani, anatafuta kwa nyayo kama mtu anayetafuta kandambili gizani.

Nikamwendea Mzee Anyelwisye. Nikamwambia amplifaya ishushwe chini, kwenye udongo, sasa hivi. Akavua miwani. Alinieleza kwa upole kwamba anajua shida yangu, kwamba anampenda Mwalimu kuliko ninavyofikiri, lakini kitu kilichowekewa mikono hakiwezi kukaa majanini ambako mbwa wanapita, na watu wa jimbo zima wanatazama. Watasema usharika wetu hauna adabu.

"Baba mwenyekiti," nikasema, "Mwalimu aliwekewa mikono lini?"

"Zamani. Kabla hata ya jengo hili la kanisa."

"Na miguu yake iko wapi?"

Akatazama. Akatazama kwa muda mrefu kidogo, kwa macho yasiyo na miwani.

"Iko chini," akasema.

"Basi tunataka hiki nacho kikae alipo yeye."

Hapo amplifaya nyeusi ikavuta pumzi. Ilikuwa bado haijasema lolote tangu kuwekwa wakfu.

"Mimi sikuomba meza," ikasema. "Nilimwomba Mungu udongo tangu nikiwa dukani. Yule mwenzangu mdogo mngemweka popote. Mimi mkiniacha juu nitaongea, ila mtakaonisikia ni ninyi wenye masikio. Nani kati yenu alikuja kuninunua kwa ajili ya wenye masikio?"

Mzee Anyelwisye akarudisha miwani, akakunja mikono ya shati, akashika upande mmoja. Mimi nikashika mwingine. Ilikuwa nzito kweli. Wale wati wenye mabuti wakatoka kusaidia kutoka chini, na amplifaya ikashuka taratibu mpaka ikapiga magoti kwenye majani. Sisemi kwamba ilikuwa kama imepiga magoti. Ilikuwa na magoti, na iliyapiga.

Kitambaa kikajikunja chenyewe bila kinyongo, kikaomba udhuru. Meza ikauliza kama inaweza kwenda kutembea, maana haijawahi, na ikaondoka ikiyumba.

"Subiri," ukasema uwanja.

Sikujua kwamba uwanja nao una la kusema. Ulikuwa na sauti ya mtu aliyelala kifudifudi.

"Mwaka jana nililaumiwa," ukasema. "Mlisema nimeinywa besi yenu yote. Mlinimwagia matone kutoka juu, mtu mwenye kiu afanye nini? Leo mnanipa mdomoni. Nitakunywa changu, halafu cha mzee nitakipeleka."

"Na usichelewe," nikasema.

"Mimi huwa sichelewi, bibi. Huwa napungukiwa."

Kiti kimefika. Kimejigeuza, mto wake mwekundu uko nyuma kabisa ya magoti ya Mwalimu, na kinasogea kidogo kidogo ili kimguse pale penye kukunja.

Nikaupiga uzi mnene.

Fahali akatoka, akakanyaga udongo, akaingia ndani yake kama mtu anavyoingia mtoni. Tukaona mgongo wake ukipita chini ya majani, majani yakifunguka na kufunga, ukielekea katikati. Wati wanaishika noti. Mzee Anyelwisye anaomba kwa sauti ndogo. Mgongo ukapita chini ya safu ya kwanza ya kwaya, na kinamama wa sauti ya kwanza wakainua sare zao kidogo ili upite. Ukafika chini ya nyayo za Mwalimu, ukasimama.

Uso wa Mwalimu ukabadilika. Alikuwa na uso wa mtu aliyebisha hodi kwa muda mrefu na sasa amesikia nyayo zikija mlangoni.

Akashusha mikono.

Kwaya ikaingia kwa pamoja. Sijawahi kusikia tukiingia namna ile, hata kanisani kwetu. Mikono ya Mwalimu ilikuwa ndani ya wimbo, haikuwa nyuma wala mbele. Kila alipoukunja mkono wimbo ulikunja. Kiti kikabaki kimejigeuza, kikamngoja ubeti wa kwanza, kikamngoja wa pili, kikachoka, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumkalisha, kikajikalia chenyewe.

Nilifurahi mno. Nakiri vidole vyangu vilitaka kucheza. Tulipofika ubeti wa tatu nikaanza kukimbia, fahali naye akakimbia chini ya ardhi, na uwanja wote ukawa unaruka ruka, wazee na miwani yao. Mwalimu, bila kuacha kuongoza, akageuza kichwa upande wangu. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama jioni zile za masomo, akatikisa kidole kimoja. Polepole, mama. Nami nilikuwa najaribu kumrudisha fahali kwenye mwendo wake, naye hasikii, nilipoamka.

Nilikuwa bado kwenye magoti kando ya kitanda. Miguu imekufa ganzi. Ukungu ulikuwa umejaa dirishani na jogoo wa jirani ameshamaliza kazi yake. Nikasema amina, kwa sababu ilikuwa bado inadaiwa.

Nilikuwa nabandika maji ya chai simu ilipoita. Alikuwa mke wa Mwalimu, Mama Gwamaka. Wanakaa kilima cha pili, ng'ambo ya mto, mahali ambapo hata kengele ya kanisa hufika kwa shida. Mwalimu hawezi kusikia simu, kwa hiyo yakiwapo maneno yake huyaleta mkewe.

Tukasalimiana, tukaulizana habari za miguu na za mvua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka. Aliniambia amemkuta mzee asubuhi hii amesimama katikati ya chumba, pekupeku kwenye sakafu ya udongo, shati la kulalia limelowa jasho mgongoni, ana furaha ambayo hajaiona kwake tangu mwaka jana. Amekunywa uji bakuli zima. Amekataa kuvaa viatu.

"Sasa amenituma kwako," akasema. "Mimi sielewi, dada, nakupa kama alivyonipa. Anasema besi ya leo ilikuwa nzuri, ameipata yote, haikupungua."

Nikakaa kwenye kigoda. Maji yalikuwa yanachemka na sikuyagusa.

"Ila anasema umekimbiza ubeti wa tatu."

Kwa nyuma nilimsikia Mwalimu mwenyewe, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe, akimuuliza mkewe kama amenifikishia na nimejibu nini.

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Jumapili nitakwenda kwa mwendo wake."